Tortilla na Maganda ya Taco ya Kutengeneza Nyumbani

Tortilla ni mkate mwembamba wa duara, usiotiwa hamira, unaochomwa juu ya chuma kikavu bila mafuta. Ndicho chakula cha kila siku cha Meksiko na cha majirani zake wa Amerika ya Kati. Ya asili ni ya mahindi. Ya ngano ilifuata baadaye, baada ya Wahispania kuingia na mbegu zao, na mpaka leo ni chakula cha majimbo ya kaskazini kuliko ya kusini. Tortilla ikikunjwa juu ya nyama, samaki, maharage au mboga huitwa taco. Ikikunjwa na kukaangwa mpaka ikakauka na kukakamaa, hilo ndilo ganda la taco, ambalo watu wengi walio mbali na Meksiko wamelijua kabla ya kuijua tortilla yenyewe.

Mpishi wa Nairobi au Dar es Salaam anaposikia kwamba tortilla ni unga wa mahindi, maji na chumvi kidogo, huona kazi imekwisha kabla haijaanza, kwa kuwa unga upo kabatini. Huchota sembe, hukanda, hukata madonge, hushika kijiti cha chapati. Donge hupasuka pembeni tangu msukumo wa kwanza. Kipande kikibahatika kufika kwenye chuma, humeguka kinapogeuzwa. Mpishi huyo hakukosea kipimo wala hakupungukiwa na ufundi wa mkono. Unga wa ngano una gluteni, utomvu wa protini unaolifanya donge livutike. Mahindi hayana gluteni hata chembe. Kinachoyashikanisha mahindi ya tortilla ni chokaa, na asiyejua hilo atapoteza mifuko ya unga bure.

Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte ambayo suke lake ni dogo kama kidole na punje zake ngumu kama changarawe. Katika safari hiyo ndefu wenyeji walijifunza kuzichemsha punje kavu katika maji yaliyotiwa chokaa au majivu, kuziacha humo usiku kucha, kuziosha, kisha kuzisaga zikiwa bado na maji. Vyombo vya kazi hiyo vilivyofukuliwa pwani ya kusini ya Guatemala vina umri wa zaidi ya miaka 3,000. Mahindi yaliyopita katika chokaa huitwa nixtamal, na donge linalotokana nayo huitwa masa.

Chokaa hufanya kazi tatu kwa mpigo. Kwanza, humong'onyoa gundi inayoishikilia ngozi ya punje, hivyo ngozi inavuka kwa kusuguliwa tu. Pili, ikisaidiana na joto, hulainisha sehemu ya wanga, nao wanga huo huanza kunata. Tatu, kalsiamu iliyomo hujipenyeza katika kuta za punje na kuziunganisha nyuzi zilizoachana. Punje zilizotendewa hivyo zikisagwa hutoa donge linalobonyea kama udongo wa mfinyanzi na kubaki jinsi lilivyobonyezwa. Harufu nayo hubadilika. Mtu aliyewahi kupita karibu na duka la tortilla hawezi kuichanganya na harufu ya ugali, ingawa nafaka ni ile ile.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo inayoitenga tortilla na vyakula vya mahindi visivyopita katika chokaa. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, lakini sehemu kubwa yake imefungika kiasi kwamba tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Wahispania waliyachukua mahindi kutoka Amerika, chokaa wakaiacha. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, katika jimbo la Asturias nchini Hispania, aliueleza ugonjwa uliowapata wakulima maskini walioishi kwa mahindi: ngozi kuiva na kubabuka kila inapopigwa na jua, tumbo kuharisha, na mwishoni akili kuvurugika. Ugonjwa huo ulikuja kuitwa pelagra. Uliisumbua Italia ya kaskazini kwa vizazi, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaenea kusini mwa Marekani, ambako madaktari wengi waliuhesabu kuwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyekabidhiwa uchunguzi huo na serikali mwaka 1914, alionyesha kwamba chanzo ni chakula. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akatambua kwamba kinachokosekana ni niasini.

Afrika nayo iliuona ugonjwa huo. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra baada ya karanga kukatika katika mgao wao na kubaki mahindi karibu peke yake. Karanga, samaki, nyama na maharage humkinga mtu, kwa hiyo mlaji wa ugali mwenye kitoweo cha maana hana sababu ya kuingiwa na hofu. Ila inashangaza kwamba Meksiko, nchi iliyokula mahindi kwa wingi na kwa muda mrefu kuliko zote, haikupata kusumbuliwa na ugonjwa huo kwa kiwango cha wale walioyapokea mahindi bila maelekezo yake.

Chokaa inayotakiwa ni haidroksidi ya kalsiamu safi ya kuliwa. Katika pwani ya Waswahili si kitu kigeni: ndiyo ile ile inayopakwa kwenye jani la tambuu pamoja na popoo. Chokaa ya tambuu inafaa, mradi iwe safi, isiyochanganywa na katu, tumbaku wala manukato. Chokaa ya mifuko ya mafundi wa nyumba haifai, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo na huweza kuwa na mchanga au madini mengine ndani yake. Magadi, ambayo wapishi wengi hutia kwenye makande ili mahindi na maharage yaive upesi, ni ndugu wa mbali wa chokaa. Nayo huilegeza ngozi ya punje, lakini ni chumvi ya sodiamu, haina kalsiamu ya kulifunga donge, na ikizidi kidogo tu chakula huwa na ladha ya sabuni. Kwa makande magadi yanatosha. Kwa tortilla hayatoshi.

Jambo la pili la kuangalia kabla ya moto kuwashwa ni sufuria. Sufuria nyingi za Afrika Mashariki ni za alumini, na maji ya chokaa huila alumini: chombo hubadilika rangi, na alumini yake huingia ndani ya chakula. Kitumike chombo cha chuma kisichoshika kutu, sufuria ya enameli isiyobanduka, au chungu. Chungu ndicho kilichotumika tangu zamani, na hakuna aliyekilalamikia. Chokaa kavu isiachwe ikarukia machoni, na mikono ioshwe baada ya kuishika.

Mahindi yawe makavu, meupe au ya manjano, yasiyobunguliwa. Meksiko na Afrika Mashariki zinafanana katika kupendelea meupe. Mbegu za dukani za kupanda zisikaribie jikoni, kwani zimepakwa dawa, na rangi yake nyekundu au ya kijani ni onyo. Mahindi yaliyohifadhiwa kwa dawa ya unga ya kuua wadudu yasitumike kabla muda uliotajwa kwenye pakiti ya dawa haujapita, kisha yaoshwe kwa maji mengi. Yenye ukungu yatupwe. Chokaa hupunguza sumu ya ukungu kwa kiasi fulani, lakini kupunguza si kuondoa, na Kenya inaikumbuka aflatoksini ya mwaka 2004, iliyoua watu 125 hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui.

Msikilizaji aliye na kalamu karibu anaweza kuviandika vipimo. Kwa kilo 1 ya mahindi makavu huhitajika lita 3 za maji na gramu 10 za unga wa chokaa, yaani asilimia 1 ya uzito wa mahindi. Asiye na mizani apime kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kiasi. Chokaa ya tambuu huwa ya uji na imebeba maji mengi, kwa hiyo kipimo chake huwa takriban mara mbili ya hicho. Chokaa hukorogwa kwanza katika maji ya baridi mpaka yawe meupe kama maji ya mchele, ndipo mahindi yaliyooshwa humwagwa ndani na chombo kuinjikwa. Yakianza kuchemka moto hupunguzwa. Punje nyeupe hugeuka manjano mbele ya macho ya mpishi, nayo ni dalili kwamba chokaa inafanya kazi.

Baada ya dakika 30 hadi 40 za moto mdogo, punje moja hutolewa na kusuguliwa kati ya vidole viwili. Ngozi ikiteleza na kubanduka, chombo huepuliwa. Punje ikikatwa katikati, kiini chake kiwe bado na weupe mkavu kidogo. Mahindi ya tortilla hayaivi kama ya makande, na yakiiva hivyo donge litakuwa rojorojo, lenye kunata kwenye kila kitu. Chombo hufunikwa na kuachwa usiku mzima, saa 8 hadi 12. Ni katika utulivu huo, kuliko wakati wa kuchemka, ambapo maji na kalsiamu hufika ndani ya punje. Mpishi mwenye haraka akiufupisha usiku huu, hasara yake huionea kwenye chuma.

Asubuhi maji ya manjano humwagwa, mbali na mimea. Mahindi huoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu huku yakisuguliwa kwa viganja. Hakuna haja ya kuondoa kila ngozi. Zile chache zinazobaki zina utelezi unaosaidia donge kunyumbuka, na mahindi yaliyosafishwa mno hutoa tortilla inayokatika ikikunjwa.

Kisha kunakuja kusaga, kazi iliyowatesa wanawake wa Meksiko kwa maelfu ya miaka. Jiwe lao la kusagia, metate, ni bamba la mwamba wa volkeno lenye miguu mitatu, na kabla mashine za kusaga hazijaenea katika karne ya 20, mwanamke wa kijijini alipiga magoti mbele yake saa kadhaa kila siku, akianza kabla ya alfajiri. Nyumba yenye jiwe la kusagia la bibi inalo jawabu lake, ingawa ni jawabu la jasho. Mashine ya posho ya mtaani haifai: imetengenezwa kwa nafaka kavu, na yenye maji huiziba. Kinachofaa nyumbani ni kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono kilichokazwa sana, au mashine ya kusagia nyama yenye sahani ya matundu madogo kabisa, mahindi yakipitishwa mara mbili au tatu. Blenda nayo husaga, lakini haizunguki bila maji, na maji hayo huligeuza donge kuwa uji mzito. Uji huo hutandazwa juu ya kitambaa safi ukapungua unyevu, au hukazwa kwa unga wa masa wa dukani. Kilo 1 ya mahindi makavu hutoa kati ya kilo moja na nusu na kilo 2 za donge. Donge bichi halidumu: katika joto la pwani huchachuka siku hiyo hiyo, na kwenye jokofu hukaa siku mbili.

Asiyetaka kupita njia hiyo yote ana njia ya mkato, na hakuna aibu ndani yake, kwa kuwa hata Wameksiko wengi huitumia. Nayo ni unga wa nixtamal iliyokaushwa, uitwao masa harina. Kampuni ya Gruma, iliyoanza mwaka 1949 katika mji wa Cerralvo, jimbo la Nuevo León, ndiyo iliyoueneza duniani kwa jina la Maseca. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki unga huu huonekana kwenye baadhi ya maduka makubwa, kwa bei ya kitu kilichovuka bahari. Mnunuzi asome pakiti vizuri. Isipotaja nixtamal, masa au chokaa, huo ni unga wa mahindi wa kawaida uliovalishwa nguo ya kigeni. Kornflawa ndiyo haifai kabisa, maana ni wanga mtupu.

Kwa unga huo, vikombe 2 hukandwa na kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji hutiwa kidogo kidogo. Donge hukandwa dakika mbili tatu, hufunikwa kwa kitambaa kibichi na kupumzishwa nusu saa ili kila chembe inywe maji. Halina gluteni ya kuamshwa, kwa hiyo kulipiga na kulivuta kama donge la chapati ni kujichosha. Kipimo cha kweli ni kidole. Donge likibonyezwa na kupasuka ukingoni, linataka maji. Likiganda kwenye kidole, limezidiwa. Lililo sawa huhisiwa laini na baridi, nalo huachia mkono. Donge la nixtamal iliyosagwa nyumbani hukaguliwa kwa namna hiyo hiyo.

Hukatwa vidonge vya gramu 30 hivi, ukubwa wa ndimu ndogo, vikafunikwa visikauke. Meksiko vidonge hubanwa kwa kibanio cha chuma au mbao chenye mabamba mawili na mkono, na wazee wa vijijini bado wanajua kuvitandaza kwa kuvipigapiga kati ya viganja. Jikoni kusiko na kibanio, mfuko safi wa plastiki hukatwa vipande viwili, kidonge huwekwa katikati, na sahani bapa nzito au kibao cha kukatia hukandamizwa juu yake kwa uzito wa mwili. Hugeuzwa robo duara na kubanwa tena ili unene uwe sawa. Kijiti cha chapati kinaweza kutumika juu ya plastiki, kwa mkono mwepesi. Upana unaotakiwa ni sentimita 12 hadi 15. Plastiki hubanduliwa kutoka kwenye tortilla. Tortilla isivutwe kutoka kwenye plastiki, itachanika.

Chuma cha chapati kinatosha kabisa. Kiwe kikavu na cha moto mkali, tone la maji likirushwa juu yake liruke na kutoweka. Tortilla hulazwa kwa mwendo mmoja wa kiganja, bila kuitupa. Sekunde 20 hadi 30 za upande wa kwanza zinatosha kuifanya iachie chuma. Ikicheleweshwa hapo, uso wake hukauka na hautafura. Hugeuzwa na kuachwa dakika moja, mpaka madoa ya kahawia yatokee chini. Hugeuzwa mara ya pili, na hapo, kama donge lilikuwa na maji ya kutosha na chuma kina moto wa kutosha, hufura. Mvuke ulionaswa kati ya nyuso mbili zilizokwisha kufunga huitenganisha katikati. Kuigusa kidogo kwa kitambaa husaidia. Isiyofura huliwa vilevile, lakini huwa nzito zaidi, na mara nyingi kosa ni moto hafifu.

Zinapotoka kwenye chuma hupangwa juu juu ndani ya kitambaa kinene na kufunikwa. Dakika 10 za kujipika katika mvuke wake zenyewe ndizo zinazoipa tortilla ulaini. Wapishi wengi wanaoanza hula ile ya kwanza ikitoka tu motoni, wakaiona ngumu, wakakata tamaa kabla ya wakati. Hotipoti ya chapati inaifanya kazi hii vizuri. Tortilla ikipoa kabisa wanga wake hukaza, na dawa ni kuipasha tena juu ya chuma kikavu, ikiwa imepakwa maji kwa vidole. Za jana huko Meksiko hazitupwi: hukatwa pembetatu na kukaangwa, hutumbukizwa kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili zikawa kifungua kinywa kiitwacho chilaquiles, au hutiwa kwenye supu.

Tortilla ya ngano haihitaji maelezo marefu mbele ya watu wanaopika chapati. Gramu 300 za unga mweupe husuguliwa na gramu 60 za mafuta mpaka zifanane na chenga. Kaskazini mwa Meksiko, hasa Sonora, mafuta ya asili yalikuwa ya nguruwe, lakini mafuta ya mboga yaliyoganda yanafaa. Hutiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na mililita 160 hivi za maji ya moto kiasi, hukandwa mpaka donge liwe laini, hupumzishwa nusu saa, husukumwa nyembamba kuliko chapati, na kuchomwa pande mbili juu ya chuma kikavu. Tofauti yake na chapati ya kwetu ni kwamba haipakwi mafuta na kuviringwa ili iwe na tabaka, wala haimiminiwi mafuta kwenye chuma. Hukunjika vizuri sana. Kwa maganda makavu ya taco, hata hivyo, si chaguo zuri: ikikaangwa huvimba vibaya na kuwa ya kutafuna badala ya kuvunjika.

Maganda makavu yana historia ya upande wa pili wa mpaka. Kukaanga taco ni jambo la zamani Meksiko, lakini huko tortilla laini hujazwa kwanza, hukunjwa au kuviringwa, kisha hukaangwa na kijazo chake ndani. Ganda tupu lililokaangwa kwa umbo na kusubiri kujazwa lilikua Marekani, mikononi mwa wapishi wenye asili ya Meksiko. Juvencio Maldonado, mwenye mgahawa jijini New York, alipewa hataza mwaka 1950 kwa chombo cha kukaangia tortilla zikiwa zimekunjwa. Mgahawa wa Mitla Cafe wa San Bernardino, California, uliofunguliwa mwaka 1937, uliuza taco za kukaanga, na ng'ambo ya barabara alikuwapo muuza chakula aitwaye Glen Bell, aliyejifunza taco zao na mwaka 1962 akafungua Taco Bell ya kwanza katika mji wa Downey. Kilichobaki kilifanywa na viwanda. Ganda la kiwandani lina faida moja: linasafiri likiwa tupu, linakaa rafuni miezi. Kwa ladha, ganda lililokaangwa nyumbani siku hiyo hiyo linalishinda bila ubishi.

Kwa maganda, tortilla za mahindi za jana ni bora kuliko za leo. Tortilla mbichi ina maji mengi, na maji hayo yote lazima yatoke ndani ya mafuta kabla haijakauka. Kadiri yanavyochelewa kutoka ndivyo ganda linavyonywa mafuta. Za leo ziachwe wazi saa moja au mbili zipoteze unyevu. Zisikauke mno, maana zitapasuka kwenye mkunjo. Zikiwa zimekauka, zipashwe sekunde chache kwanza. Kuzitoboa hapa na pale kwa uma huupa mvuke njia ya kutokea na kuzuia mapovu makubwa.

Mafuta yasiyo na harufu, kina cha sentimita 2 hadi 3, hupashwa katika karai mpaka nyuzi joto 180. Asiye na kipimajoto arushe kipande kidogo cha tortilla: kikizama na kulala, mafuta ni ya baridi, kikiibuka kwa mapovu mengi mara moja, yako tayari, kikigeuka kahawia papo hapo, yamepitiliza. Tortilla huingizwa nzima kwa sekunde 10, ilainike. Kisha, kwa koleo, nusu moja huinuliwa na kukunjwa juu ya nyingine, ikiachwa nafasi ya vidole viwili katikati, na kushikiliwa hivyo sekunde 30 mpaka umbo likamate. Hugeuzwa upande wa pili kwa muda kama huo. Mapovu yakipungua, maji yamekwisha kutoka, na ganda hutolewa. Hutegwa mdomo chini juu ya kichujio ili mafuta yachuruzike, na hunyunyiziwa chumvi likiwa bado la moto, kwa kuwa likipoa chumvi haishiki. Kazi ni ya ganda moja moja, na haikimbiziki. Watoto wakae mbali na karai.

Mwenye tanuri anaweza kukwepa mafuta mengi. Tortilla hupashwa zikalegea, hupakwa mafuta kidogo pande zote mbili, kisha kila moja hutundikwa juu ya nondo mbili za wavu wa tanuri, kingo zake zikining'inia. Kwa nyuzi joto 190 hukauka katika dakika 8 hadi 10, nazo hujifinya zenyewe kuwa umbo linalotakiwa. Trei huwekwa chini kupokea matone. Maganda ya tanuri huwa mepesi na hayana shibe ya yale ya karai, lakini kwa familia kubwa huokoa muda, kwa sababu wavu mmoja hubeba kumi kwa pamoja.

Kijazo hakihitaji viungo vya mbali. Nyama ya kusaga au ya kuku iliyochambuliwa, iliyokaangwa na bizari ya pilau, kitunguu saumu na pilipili, inatosha. Maharage yaliyopondwa hufaa, na samaki wa kukaanga hufaa zaidi ya wanavyodhani wasiomjaribu. Parachichi huenda na vyote hivyo. Salsa mbichi ya Meksiko ni nyanya, kitunguu, pilipili, dania na ndimu, yaani kachumbari, ila hukatwa vidogo zaidi. Kijazo kisiwe na mchuzi. Kikavu huwekwa chini, chenye majimaji juu, na kachumbari ikamuliwe kwanza.

Maganda yaliyopoa kabisa hukaa siku tatu au nne katika kopo lisiloingiza hewa, na yakilegea, dakika 5 za tanuri la moto au chuma kikavu huyarudisha. Yakishajazwa hayana subira: baada ya dakika chache hunyong'onyea na kuvunjika mkononi. Kwa hiyo vijazo vipelekwe mezani katika mabakuli, maganda yaletwe mwisho, na kila mlaji ajaze lake.